Sentimita Tisini za Heshima

Ilikuwapo nchi, na bado ipo, tena ukikaa vizuri dirishani kwako huenda ukaiona. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu limo kwenye faili, linasubiri saini. Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja nzuri sana, Sheria ya Kimo. Inasema hivi: kiongozi akiwepo, kichwa cha mwananchi kisizidi kifua cha kiongozi. Basi, imeishia hapo. Haikusema watu wachutame, maana nchi ile haikuwa ya kulazimisha mtu. Ilisema tu kichwa kiwe wapi. Magoti ni ya mtu mwenyewe, atajua atakavyoyapanga.

Wageni walikuwa wakisema eti ni kwa sababu viongozi wa kule ni wafupi. Uongo mtupu. Mfupi alikuwa mmoja tu, yule wa kwanza, na ameshafariki. Ila sheria ikishapita imepita, utairudishia wapi? Watu wakachutama, wakazoea, mpaka mafundi nao wakawa wanajenga madirisha ya ofisi za serikali usawa wa goti, ili mwananchi akifika aanze kuhudumiwa akiwa ameshajipanga.

Sasa kulikuwa na dada mmoja anaitwa Mwajabu. Alikuwa mpima, Wizara ya Vipimo na Itifaki, ngazi ya chini kabisa, ile ambayo chini yake kuna sakafu. Hesabu za pembetatu alijifundisha kwenye simu, video baada ya video, wakati wenzake wakiwa kwenye kozi ya miezi tisa ya namna ya kushika faili mbele ya mkubwa. Ndiyo maana wao walipanda vyeo na yeye akabaki anajua tanjenti.

Na Mwajabu alikuwa na mdogo wake, Tunu, mimba ya miezi saba. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mji ule ulikuwa na hospitali ya wazazi yenye majengo mawili yanayotazamana, na katikati uwanja. Jengo la Kale lilikuwa na wodi ya wazazi juu kabisa kwenye paa, kwa ajili ya hewa safi. Jengo Jipya lilikuwa na chumba cha upasuaji, nacho juu kabisa kwenye paa, ili kiwe karibu na Mungu, maana umeme wa huko haukuaminika. Lifti zilikuwepo, zilifunguliwa kwa sherehe, zikafungwa bila sherehe. Kwa hiyo mama akishindwa kujifungua anabebwa kushuka ghorofa tano, anavushwa uwanja, halafu anabebwa tena kupanda ghorofa tano. Mtoto wa kwanza wa Tunu aliishia kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, wakati wabebaji wamesimama kupumzika. Safari hii daktari alishamwambia mapema: wewe ni wa kupasuliwa, omba Mungu ngazi ziwe tupu.

Kwa hiyo serikali iliposema inajenga daraja la chuma, kutoka paa hadi paa, kitanda kinasukumwa tu kama toroli la sokoni, Mwajabu alilia ofisini. Mkandarasi naye hakuwa na makuu. Akasema: "Nipeni namba moja. Jengo Jipya limelizidi la Kale kwa kiasi gani? Daraja linatoka kiwandani likiwa limekamilika, siji kulikata hapa."

Namba moja tu. Lakini michoro ya Jengo la Kale ilishaliwa na mchwa, na ya Jengo Jipya ilikuwa siri ya taifa. Kushusha utepe kutoka juu hadi chini haikuwezekana, kwa sababu utepe mrefu wa Wizara ulishakatwa. Siku ya kufungua Jengo Jipya ule wa sherehe ulisahaulika nyumbani, wakaufunga mlangoni ule wa kupimia, Mheshimiwa Waziri akaukata vizuri sana pale kwenye mita ya kumi. Na ile darubini ya kupimia pembe ilikuwa kwenye kabati la kioo, kumbukumbu ya taifa.

"Nitapima kwa simu," Mwajabu akasema.

Bosi wake, Bwana Mtengule, Mkurugenzi wa Vipimo, mtu mwenye kalamu nne mfukoni na hajawahi kuandika, akamwangalia. "Simu inapima jengo?"

"Simu inapima pembe, bosi. Nasimama katikati ya uwanja, mita ishirini toka kila jengo, natazama ncha ya juu. Pembe nikiipata, tanjenti yake mara ishirini, ndio urefu kutoka jicho langu kwenda juu. Jengo la pili nalo hivyo hivyo. Natoa, napata tofauti. Nusu saa."

"Nusu saa," Mtengule akasema kwa huzuni. "Binti, utaiaibisha Wizara. Iundwe kamati."

*

Kamati ikaundwa, watu kumi na mmoja, wakateremka uwanjani wiki tatu baadaye. Mwajabu akapima mita kumi na kile kipande cha utepe, akapima tena kumi, akaweka alama ya chaki. Akasimama juu ya chaki, simu jichoni, akalitazama Jengo Jipya. Digrii arobaini na mbili. Karani wa kamati akaandika. Dakika nne tu zimepita, na mwanakamati mmoja alikuwa ameanza kuulizia chai.

Mwajabu akageuka kulitazama Jengo la Kale. Ndipo king'ora kikalia.

Mheshimiwa Dokta Kasimbazi, Waziri wa Vipimo na Itifaki, alikuwa amesikia kuna kazi ya kihistoria inafanyika bila yeye. Magari tisa yakaingia uwanjani. Kamati yote ikashuka kama mtu aliyekatwa umeme. Mwajabu naye akashuka, palepale juu ya chaki yake, simu mkononi.

"Endeleeni, endeleeni," Mheshimiwa akasema, mkono mfukoni. "Msinijali. Mimi ni mtumishi wenu tu."

"Umesikia," Mtengule akanong'ona. "Endelea."

"Bosi, siwezi kuendelea nikiwa huku chini."

"Huku chini wapi? Hapa ndipo tulipo wote."

"La kwanza nimelipima nimesimama. Hili nikilipima nimechutama hayataoana. Jicho likishuka, jengo linapanda."

"Mwajabu. Mheshimiwa anasubiri."

"Tumngoje aondoke basi."

"Unataka kumfukuza?"

Akapima. Angefanyaje? Alichutama, simu jichoni, mgongo unamuuma, akalitazama Jengo la Kale kama chura anavyotazama mnazi. Digrii arobaini na moja na nusu. Karani akapiga hesabu kwa fahari: kumi na nane nukta sifuri moja, toa kumi na saba nukta sita tisa. Sentimita thelathini na mbili.

"Ngapi?" Mheshimiwa akauliza.

"Thelathini na mbili, Mheshimiwa."

Basi namba ikamkaa Mheshimiwa moyoni. Akahutubia palepale, dakika hamsini, watu wamechutama mpaka miguu ikafa ganzi. "Thelathini na mbili," alisema. "Ziko nchi zina majengo, lakini hazina tofauti. Sisi leo tunayo tofauti, na tumeipima wenyewe, kwa vijana wetu, kwa simu zetu. Anayetaka kutupunguzia hata sentimita moja, aje aniambie mimi." Watu wakapiga makofi, kwa shida, maana mkono mmoja walikuwa wanajishikilia nao chini. Wiki iliyofuata namba thelathini na mbili ikatangazwa kwenye gazeti la serikali, pamoja na maelezo kamili ya kipimo: jina la mpima, kimo cha jicho lake akiwa amechutama, sentimita sitini. Kimo chake akiwa amesimama hakikuandikwa. Hakikuonekana kuwa na maana.

*

Mwajabu alikwenda kwa Mtengule kesho yake, na kesho kutwa, na siku kumi na saba baada ya hapo.

"Bosi, nikisimama jicho langu liko mita moja na nusu. Nikichutama liko sentimita sitini. Zilizopotea katikati ni tisini. Si jengo lililokua, ni mimi niliyepungua. Tofauti ya kweli ni mita moja na sentimita ishirini na mbili. Tuongeze tisini, yaishe."

Mtengule akafunga mlango. "Hizo tisini umesema ni za nini?"

"Za kuchutama."

"Kwa nini ulichutama?"

"Mheshimiwa alikuja."

"Kwa hiyo ulichutama kwa heshima."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unataka niandike barua, juu jina la Waziri, chini sahihi yangu, isemayo kwamba heshima kwa Mheshimiwa ni kosa. Tena kosa lenye kipimo. Sentimita tisini."

Mwajabu akavuta pumzi. "Basi tupime upya yote mawili tukiwa tumechutama. Yote mawili, bosi, nitachutama toka asubuhi, hata mtu asijue. Nikichutama mara zote mbili jibu linatoka sahihi, kwa sababu heshima huku na heshima kule zinajifuta."

Kalamu zote nne zilitikisika mfukoni. "Zinafanya nini?"

"Zinajifuta."

"Binti," Mtengule akasema, "mimi nina miaka miwili nistaafu. Hilo neno sijalisikia. Na wewe hujalisema. Toka polepole."

Mwajabu akaandika mwenyewe kwa Katibu Mkuu. Jibu likaja: hoja yako ni nzuri, ipitishe kwa Mkurugenzi wako. Akaandika kwa mkandarasi. Mkandarasi akamjibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kelele za kiwandani: "Dada yangu, mi naona unachosema kina akili, ila mi najenga kilichopo gazetini. Nikijenga kweli, nalipwa na nani?"

Nyumbani Tunu alikuwa amelala ubavu kwenye jamvi, mto kati ya magoti, anakula udongo ule wa wajawazito.

"Dada, hilo daraja litawahi?"

"Litawahi."

"Mbona umenuna?"

"Litawahi," Mwajabu akasema. "Ila halitafika."

*

Daraja lilifungwa Jumatano. Mafundi waliona kabla ya saa nne asubuhi: upande wa Jengo la Kale limekaa kama yai kwenye kikapu, upande wa Jengo Jipya limegota ukutani, chini ya paa. Ukifika mwisho unatazamana na ukuta wa kiunoni. Wakaenda kuripoti, wakachutama dirishani, wakapewa jibu la maandishi: Papambwe.

Pakapambwa. Vitambaa vya bendera, maua ya plastiki, picha ya Mheshimiwa. Mwajabu alileta ubao, mrefu, imara, wa kuegesha pale ili vitanda vipande. Askari wakautwaa. Ubao ule, walisema, haujasajiliwa.

Siku ya ufunguzi, Ijumaa, Tunu alikuwa tayari wodini tangu juzi yake. Mheshimiwa alipanda ngazi za Jengo la Kale kwa miguu yake, ghorofa tano, akishangiliwa kila ghorofa. Alipomaliza kupanda, ngazi zikafungwa nyuma yake na kupigwa lakiri, kwa sababu kuanzia saa hiyo zilikuwa historia.

Uchungu wa Tunu ulianza kwenye hotuba.

"Tusubiri kidogo," akasema Sista Mbiki, muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyechutama pembeni ya kitanda cha magurudumu huku mkono wake uko tumboni kwa Tunu. "Akimaliza tu tunapita nyuma yake."

"Anasema ana mambo kumi na mawili," Mwajabu akasema. "Yuko la tatu."

"Dada," Tunu akasema. "Si kama ile ya kwanza. Hii ni mbaya zaidi."

Mheshimiwa akamaliza, akaanza kuvuka. Nyuma yake wakubwa wakifuata kwa mwendo wa bata, wamechutama hivyo hivyo, na bendi nayo, na mwenye ngoma kubwa anaisukuma kwa kidevu. Mwisho wa msafara, kitanda cha Tunu. Mheshimiwa akafika ng'ambo, akakata utepe, watu wakashangilia, akapiga hatua ya kishujaa kuingia Jengo Jipya, na goti lake likagonga picha yake mwenyewe.



"Hiki nini?" Mheshimiwa akauliza.

Akageuka nyuma.

"Mtengule. Hiki nini hapa?"

Kalamu zilisikika. Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, kitandani kwa mgonjwa. "Ni heshima, Mheshimiwa," Mwajabu akasema. "Sentimita tisini."

Mheshimiwa hakuelewa, au alielewa. Aliweka mikono juu ya ukuta, akarusha mguu, suruali ikalalamika, akarudi chini. "Nisukumeni basi," akasema. Watu wakatazamana. Kumsukuma mtu kupanda, lazima usimame. Na kusimama mbele yake ni miezi sita jela, adhabu hiyo ameisaini yeye. Akajaribu tena, akateleza, akaanguka kwa magoti na viganja, katikati ya maua ya plastiki.

Sasa hapo. Kichwa cha mwananchi kisizidi kifua cha kiongozi. Na kifua cha kiongozi kilikuwa kimefika chini kuliko watu walivyowahi kukiona. Mtengule ndiye aliyekumbuka kwanza, akalala kifudifudi. Wakafuata wakurugenzi. Bendi ikalala, mpiga tarumbeta akiendelea kupuliza kwenye chuma cha daraja. Daraja zima likawa limetandikwa watu kama dagaa juani.

Aliyebaki juu ni mmoja, Tunu, kwenye kitanda chake cha magurudumu, anatoa sauti ambayo si ya kuigiza.

"Mshusheni huyo," Mtengule akasema, shavu lake liko sakafuni. "Amemzidi Mheshimiwa."

Mwajabu alikuwa amelala kama wengine. Shavu lake lilikuwa kwenye chuma, chuma kina joto, na kwa upande ule aliona magurudumu ya kitanda, na tone moja la damu likidondoka kati ya magurudumu. Akaikumbuka ile ghorofa ya tatu na ya nne. Akasimama.

Hakusimama kwa ushujaa, goti lilimlia kwa kuchutama kutwa. Lakini alisimama wima, na mita yake moja na nusu ya jicho ikarudi mahali pake, akauona ukuta ulivyo: mfupi tu.

"Sista, inuka."

"Siwezi, mwanangu. Nina watoto wanne."

"Na huyu ana mmoja, yuko njiani."

Sista Mbiki akasema neno ambalo wauguzi hawasemi, akainuka. Wauguzi wengine wawili wakainuka kwa kumwona yeye. Wakasukuma kitanda, watu wakijiviringisha kupisha magurudumu, mpaka ukutani. Mheshimiwa alikuwa bado na magoti na viganja chini, anatafuta namna ya kuinuka bila kuonekana alikuwa ameanguka.

Mwajabu akamtazama mgongo kwa jicho la kazi. Sentimita hamsini, hamsini na tano. Nusu ya ukuta na zaidi. "Mheshimiwa," akasema, "usitikisike."

Akapanda mgongoni kwake, hatua ya pili yuko juu ya paa. Sista Mbiki akapanda nyuma yake, kilo tisini na viatu vya kazi. Wawili wakavuta kutoka juu, wawili wakainua kutoka chini, wakimkanyaga kwa zamu, kitanda kikapita na Tunu wake.

"Mnanikanyaga," Mheshimiwa akasema.

"Dakika moja, Mheshimiwa," Sista Mbiki akamjibu.

Daktari alikuwa mlangoni na glavu zake. Baada ya nusu saa mtoto wa kike akalia, sauti nene, mpaka huku darajani wakamsikia. Watu walikuwa bado wamelala, wanangoja mtu awaambie kama Mheshimiwa ameshainuka.

*

Taarifa ya serikali ilisema: Mheshimiwa Waziri, kwa hiari yake, ajitolea mgongo kwa ajili ya akina mama. Picha nzuri sana ikawekwa, viatu vya waliomkanyaga vimekatwa. Kwa hiyo hapakuwa na kosa lolote darajani. Ilikuwa ni sera. Na kwa kuwa ni sera, daraja haliwezi kurekebishwa, wala ubao hauwezi kuegeshwa, ila itafunguliwa nafasi ya kudumu ya Afisa Kipandio, wa kuchutama mwisho wa daraja saa za kazi ili vitanda vipite.

Barua ilimfikia Mwajabu Jumatatu. Hakushtakiwa kwa kusimama, maana kumshtaki kungekuwa ni kukiri kwamba kuna siku Mheshimiwa alikuwa chini. Badala yake ameteuliwa. Yeye ndiye mwananchi pekee, barua ilisema, ambaye vipimo vyake vya kuchutama vimo kwenye gazeti la serikali. Kama ana pingamizi, afike mwenyewe dirisha namba sita kabla ya saa nane mchana.

Alifika saa saba na nusu, Tunu nyuma yake anatembea taratibu, mtoto kwenye kanga. Dirisha namba sita lilikuwa usawa wa goti kama ndugu zake wote. Mwajabu akachutama.

"Nimekuja kukataa kazi," akasema.

Karani wa dirisha hilo akamtazama kupitia nondo, akatazama barua, akatoa rula. Akainyoosha nje ya dirisha mpaka kwenye jicho lake. "Sitini," akasema, akafurahi kwa kweli. "Hata milimita haijazidi. Tia sahihi hapa. Umeshaanza kazi."

"Sijakuja kuanza. Nimekuja kupinga."

"Unapinga umechutama?"

"Dirisha lako liko chini."

"Basi unaona," karani akasema kwa upole. "Unaiweza."

"Dada," Tunu akasema nyuma yake. "Simama. Twende."

Mwajabu akasimama. Mgongo ulilia, goti likalia, lakini alisimama, akaunyoosha na mkono ulioshika simu, kisha akasema kwa sauti yake yote, pale juu, jina lake, namba yake ya kazi, na kwamba anakataa, na kwamba tofauti ni mita moja na sentimita ishirini na mbili.

Ndani, karani aliinama akachungulia. Aliona magoti mawili tu. Akangoja kidogo, kwa haki, mpaka saa nane kamili, akaandika kwenye faili: Mhusika hakufika.